Mzee wa Kekee Anajibu: Shimo Kwenye Jaruba Langu

Barua zimelundikana tangu nilipoandika juu ya upimaji wa udongo toleo lililopita. Nimechagua tano. Wageni wa safu hii wajue kwamba jina la Kekee nilipewa kazini, kwa sababu ya chuma kile cha kutobolea ardhi nilichokibeba begani kwa miaka 31. Bega la kulia hadi leo liko chini kuliko la kushoto.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mkulima wa mpunga, sikai mbali na Mlimba. Mwezi uliopita walikuja vijana wanne na mtendaji wa kijiji. Walichimba shimo refu kwenye jaruba langu, wakashika udongo na kuuangalia kwenye kijitabu chenye rangi rangi, wakaandika namba, wakafukia, wakaenda zao. Walisema wanatengeneza ramani ya ardhioevu. Majirani wananiambia ramani ikikamilika tutahamishwa wote. Je, lile shimo linaweza kuninyang'anya shamba? *Mkulima, Mlimba.*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kunyang'anywa shamba huanzia kwenye kikao, na habari ya kikao nitaifikia. Kwanza nikueleze shimo, maana nadhani hakuna aliyejisumbua kukueleza, na hilo ni kosa letu sisi wapimaji tangu zamani.

Kile kijitabu ni kitabu cha rangi za udongo. Kina vipande vidogo vilivyopakwa rangi, kila kimoja na namba yake, na mpimaji hulinganisha bonge la udongo na vipande hivyo ili yeye wa Mlimba na mwenzake wa Tabora wakiandika "kahawia iliyokolea" wawe wanasema kitu kimoja. Rangi inatafutwa kwa sababu udongo hausahau maji haraka. Udongo una madini ya chuma ndani yake, yale yale ya kutu ya jembe. Ukifurika miezi kadhaa, hewa inakosekana, kutu inayeyuka na kusogea na maji, udongo unabaki wa kijivu. Maji yakishuka, hewa huingia kwa kufuata njia za mizizi na nyufa, na chuma hupata kutu tena, ila safari hii kwa madoa madoa mekundu na ya machungwa. Kwa hiyo hata Oktoba, jua likiwa linapasua ardhi, mtu akichimba akakuta kijivu chenye madoa ya kutu karibu na juu, anajua hapa maji huja na hukaa.

Hayo nayasema kwa ufasaha leo, lakini nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilikuwa kiongozi wa msafara ng'ambo ya Ifakara, mwezi wa kumi. Nyasi zimeungua, ardhi ina nyufa za kuingiza mkono. Kwenye kina cha sentimita 40 kekee ilinitolea kijivu chenye madoa ya kutu. Niliyaona kwa macho yangu na nikayaandika daftarini kwa mkono wangu. Halafu mezani, miezi miwili baadaye, nikakumbuka ule ukavu na vumbi kuliko nilivyosoma daftari, nikaipaka sehemu ile rangi ya njano, yaani inafaa kwa mahindi. Aprili nilirudi kuhakiki. Tulikwenda kwa mtumbwi. Mpiga kasia alikuwa mzee wa Kindamba, na nilipomwonyesha kwenye karatasi tulipo, alichomeka upondo wake majini mpaka mkono ukakaribia kulowa, akasema, "Basi mahindi yako yako huku chini, mwanangu." Walicheka mtumbwi mzima. Mimi nilicheka baada ya wiki hivi.

Ndiyo maana walikuja kwako. Bonde lenu liko kati ya milima ya Udzungwa, inayopanda zaidi ya mita 2,500, na vilima vya Mahenge, na lenyewe liko chini kabisa, kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi yote yanamwaga hapo, na mto Kilombero unachukua mzigo huo na kuupeleka Rufiji, ambako zaidi ya nusu ya maji ni yenu. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, hekta 796,735. Mkataba huo, uliotiwa saini mji wa Ramsar kule Irani mwaka 1971, haukatazi mpunga. Unadai ardhioevu itumike kwa busara, yaani itumike na bado ibaki kuwa ardhioevu.

Sasa kikao. Sheria za nchi ndizo zenye meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Pima kwa kamba, usipime kwa macho, macho ya mwenye shamba huwa mapana. Tena sehemu ya bonde sasa ni pori la akiba, na mpaka wake una bikoni. Tafuta bikoni iliyo karibu nawe ujue uko upande gani kabla mtu mwingine hajakwambia. Zaidi ya hapo, kijiji chenu kina haki ya kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, kwa Sheria Na. 6 ya 2007, na mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ninyi wenyewe mkiwa mmekaa chini ya mwembe. Hapo ndipo shimo lako linapogeuka kuwa rangi fulani kwenye karatasi, na rangi kuwa sheria ndogo.

Usikose kikao hicho. Uliza namba ya shimo lako na walichokuta ndani yake. Uliza walikuja mwezi gani, na kama watarudi masika. Dai nakala ya ramani ibaki ofisi ya kijiji, imebandikwa ukutani, si ndani ya kabati la mtendaji. Na kama umelima pale tangu enzi za mama yako, hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari, kwa sababu kekee haiwezi kulitoa ardhini.

SWALI: Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Siku hizi kuna setilaiti. Kwa nini watu bado wanachimba mashimo? Si kupoteza hela? *Mwanafunzi.*

JIBU: Nilijua utakuja.

Setilaiti naipenda kuliko unavyofikiri. Landsat inapiga picha tangu 1972, kwa hiyo naweza kuona matete yalikuwa yanafika wapi nilipokuwa kijana mwenye nywele. Sentinel-2 ya Ulaya inapita kila baada ya siku tano, na kila kipande cha picha yake ni mita 10 kwa 10. Angani ikijaa mawingu, kama inavyojaa kwetu Machi na Aprili, wakati ule ule mafuriko yapo, kuna Sentinel-1 inayotumia rada na kupenya wingu. Mimi ningekuwa nayo mwaka ule wa mahindi nisingechekwa mtumbwini.

Lakini jaribu hili. Chukua picha ya mwezi wa tatu, weka kidole kwenye kijani kilichosimama ndani ya maji. Ni mpunga au ni matete? Kwenye skrini ni mtu na pacha wake. Kwa mhifadhi tofauti yake ni kubwa, maana kwera wa Kilombero, ndege aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1990 tu na ambaye hapatikani penginepo duniani, anajenga kiota chake kwenye matete. Mpunga haumsaidii kitu. Katika matete na majani marefu ya bonde hilo hilo kuna videge wengine wawili wadogo wa kahawia, ambao wataalamu waliwasikia wakiimba miaka mingi kabla ya kuwapa majina. Majina yalitoka 2021. Hebu niambie setilaiti gani ilisikia wimbo ule.

Udongo ndio umejificha zaidi, kwa sababu umelala chini ya kile kinachopigwa picha. Ipo ramani ya udongo ya dunia nzima iliyotengenezwa na watu wa ISRIC wa Uholanzi, kila kipande mita 250 kwa 250. Kazi nzuri. Ila kompyuta yao ilijifunza kutoka kwenye mashimo yaliyochimbwa na watu kama mimi, na pale ambapo hakuna shimo inakisia kwa kuangalia mwinuko, mvua na mimea. Kwa hiyo kila shimo mnaloacha kuchimba leo ili mbane hela, kesho ni kisio.

Na kwa kuwa nyie mnapenda hesabu, hii hapa moja. Shirika la IUCN, linalotunza Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini, hupima eneo analokalia kiumbe kwa kutandaza miraba ya kilomita mbili kwa mbili. Mraba aliomo unahesabiwa kilomita za mraba 4, asimokuwamo unaachwa. Eneo likiwa chini ya kilomita za mraba 500, pamoja na dalili nyingine kama kupungua, anaweza kuwekwa kundi la walio hatarini. Miraba 125, basi. Mpimaji mvivu anayetia alama ya "yupo" kwenye matete asiyoyafikia kwa miguu anaweza kumwondoa ndege kwenye hatari kwa kalamu tu, huku ndege mwenyewe akiwa hana habari.

SWALI: Mwangaluka mzee mwenzangu. Nilihamia bonde la Kilombero na mifugo nikitokea Shinyanga. Kila ramani ninayoonyeshwa, pale ninapochunga pameandikwa "nyika" au "eneo wazi". Nikiwa pale askari ananiambia ni makazi ya sheshe. Lipi la kweli? *Mfugaji, Malinyi.*

JIBU: Mwangaluka. Yote mawili ni kweli, na neno "wazi" ndilo baya. Nimelichora mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tulikuwa na rangi za msitu, za mashamba, za maji. Kilichobaki tukakiacha cheupe, tukaandika wazi. Mtu wa ofisini akiona weupe anaona mahali pa kuweka kitu.

Sheshe, kwa wasiomjua, ni swala mwekundu-manjano wa kando ya maji, na Kilombero ilikuwa na wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Sasa wamepungua vibaya mno. Mwenendo wake wewe mchungaji utauelewa haraka. Maji yakishuka, yeye anashuka nayo akifuata majani mabichi. Maji yakipanda anapanda mpaka ukingoni, pale nyasi zinapokutana na miombo. Ule ukingo ulioinuka kidogo, ambao haufuriki, ndio anaohitaji masika. Na ndio ule ule wako wa ng'ombe, na wa mkulima wa kujenga kibanda na kuanika mpunga. Ramani iliyopimwa kiangazi humwonyesha sheshe ametandaa bonde zima, unadhani ana nafasi tele. Njoo Aprili umwone alivyobanwa.

Wewe mambo haya unayo kichwani. Kwenu Usukumani mnaanza na luseni juu, mchanga, mnashuka itogolo, mnamalizia mbuga nyeusi chini, na kila moja mnajua inalimwa nini na inachungwa lini. Mwaka 1935 mwanakemia wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Geoffrey Milne, aliyezunguka sana Afrika Mashariki, aliandika kwamba udongo hujipanga kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mnyororo, akauita katena, mnyororo kwa Kilatini. Mwaka uliofuata ikatoka ramani ya kwanza ya udongo ya Afrika Mashariki, na neno lile sasa linafundishwa duniani kote. Wazee wenu walikuwa na mnyororo huo bila Kilatini.

Walikuwa pia na ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zikianza, kinafunguliwa kiangazi kikali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 haukuleta kitu kigeni, uliwarudishia watu ngitili yao, na nyasi na miti ikarudi. Ushauri wangu ni kwamba katika kikao cha kijiji usiende kupinga ramani. Nenda udai iwe na mambo mawili zaidi: mapito ya mifugo, na malisho yaliyoandikwa kwa miezi yake. Ukichora ukingo ule kuwa wa sheshe miezi ya mafuriko na ng'ombe wapelekwe kwingine palipotajwa kwa jina, hapo mna cha kuzungumza na askari. Lakini nami nikwambie la mzee kwa mzee, na usikasirike. Idadi ya ng'ombe uliokuja nao haiwezi kuingia kwenye ukingo ule kwa ramani yoyote ile.

SWALI: Mzee, naandika kutoka Makete. Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wanataka kuchora ramani ya kikande na maua mengine ya nyika zetu, waibandike mtandaoni watalii waione. Unatushauri vipi? *Mwalimu.*

JIBU: Wachore, Mwalimu, lakini mtandaoni wasibandike mahali penyewe.

Wasomaji wa pwani hawakijui kikande. Ni viazi vidogo vya okidi za milimani. Vinachimbwa, vinavushwa kwenda Zambia, vinasagwa na kuchanganywa na unga wa karanga na kupikwa mpaka vigande, halafu vinakatwa vipande kama soseji. Huko wanaita chikanda. Shida ni kwamba kiazi ndicho mmea wenyewe. Ukikitoa, mwakani hakuna ua. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe, lakini mchimbaji hachimbi na mkataba mkononi, anachimba na maelekezo ya mahali. Ukimpa nukta ya jipiesi umemwokolea wiki ya kutafuta.

Wataalamu hufanya hivi: nukta sahihi inabaki kwa msimamizi wa eneo, na ramani ya watu wote inaonyesha mraba mkubwa tu, wa kilomita kumi kwa mfano. Wanafunzi wako waweke daftari la kweli shuleni, wewe ukae na ufunguo.

Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, aina 45 za okidi zinajulikana pale, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla serikali haijafika. Nyika zilizo nje ya mpaka wake ndizo zinanikosesha usingizi. Huko naona misindano ikipandwa juu ya nyasi, na watu wanapiga makofi kwamba tunahifadhi mazingira kwa kupanda miti. Kuna mbayuwayu bluu, ndege anayekuja kuzaa wakati wa mvua kwenye nyika za mwinuko, anayejenga kiota chake ndani ya mashimo ardhini, hata yaliyochimbwa na muhanga. Weka misindano, nyasi zinakufa kivulini, muhanga anahama, na mbayuwayu akirudi mwaka wa pili hana shimo. Kwenye takwimu eneo limepanda daraja, lilikuwa "nyika" sasa ni "msitu". Wanafunzi wako waanze hapo: waulize bibi zao ni kilima gani kilikuwa cha maua na sasa kina misindano. Ramani hiyo ibandikeni popote mpendapo.

Umeniuliza pia pembeni kama ni kweli chura wa Kihansi alipandishwa ndege kwenda Marekani. Ni kweli. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la Kihansi, mahali ambapo maporomoko yalirusha ukungu wa maji mchana na usiku. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ukungu ukakatika, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Wajukuu wa wale wasafiri walirudishwa 2012, kwa ukungu wa mabomba. Waambie darasa wapige hesabu: kwenye ramani ya 1:50,000 hekta mbili ni mraba usiofika milimita tatu. Kwenye ile ya udongo ya mita 250 hazijazi hata kipande kimoja, ni chini ya theluthi yake.

SWALI: Shikamoo Babu. Niko darasa la sita. Kaka yangu anasema wapima udongo wanakula udongo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hatuli, tunauma kidogo. Chukua udongo wa ukubwa wa ndimu, ulowanishe, ukande kama unga wa chapati, kisha uviringe uwe uzi mwembamba na ujaribu kuukunja pete. Ukimomonyoka hata kabla ya kuwa uzi, ni kichanga. Ukikubali pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Wa katikati ndio unaosumbua, na hapo wazee wa kazi huweka chembe kati ya meno ya mbele. Mchanga unakwaruza kabisa, ule laini wa mto unasagika kidogo kidogo, mfinyanzi unateleza kama siagi.

Halafu unatema. Na usijaribu karibu na josho la ng'ombe, dawa ile haiendi kokote. Mimi niliwahi, na chai ya siku ile naikumbuka hadi leo.